Losheni ya Mtani

Kijiwe chetu kiko Masasi, kandokando ya barabara ya kwenda Newala, kwenye benchi mbele ya ghala la korosho. Kahawa ni ya Bi Swaumu. Wakaaji ni Bwanali, tunayemwita Salfa kwa kuwa hupulizia mikorosho dawa, Cecil, tunayemwita Dozi, aliyewahi kufagia zahanati, Ashiru, mtani wetu, na mimi. Utani huo ni wa mababu. Mwaka 1974, kwenye matanga ya babu yangu, babu yake Ashiru aliondoka na jogoo, wala hakudaiwa. Mtani akichukua, mnacheka. Basi Juni hii Ashiru aliingia kwetu akabeba chupa ya losheni ya jua ya mdogo wangu Yoeli, mwenye ualbino. Tukacheka. Hadi Agosti wivu ulikuwa haujamtoka.

— Kila miezi mitatu Yoeli anapewa losheni bure, na kofia pana juu yake, alisema Ashiru. Mimi nalima juani miaka ishirini, nani kanipa hata kitambaa?

— Na msimu wa korosho anaandika kilo za watu ndani ya ghala, kivulini, alisema Bwanali. Sisi foleni, jua la utosi.

— Kisa ngozi! Kwani yangu gunia?

Cecil akashusha sauti.

— Losheni ile ina siri. Inavuta weupe kutoka chini. Ndiyo maana wahenga wakasema, ngozi ivute ili maji.

— Mbona mtani bado mweusi kama sufuria la msibani?

— Weupe unaanzia ndani, Salfa, alisema Ashiru. Chupa nzima nimemaliza. Mke wangu anasema natoa nuru.

— Nuru au mafuta?

Bwanali akagonga benchi.

— Mnahangaika bure. Mkorosho ukishikwa na ubwiriunga, unaupulizia salfa. Ngozi na jani vina tofauti gani? Mpulizieni Yoeli alfajiri, umande haujakauka. Jua litamkimbia.

— Salfa inachoma macho, nikasema.

— Mkorosho umewahi kulalamika?

— Hata salfa haihitaji, alisema Ashiru. Wale wamezaliwa wameshaungua. Jua litachoma nini tena? Upendeleo mtupu!

Hapo Yoeli akatokea, katoka hospitali. Sikio la kushoto lilifungwa bandeji. Kidonda kilianza wiki ya pili ya Julai, kidogo kama punje ya choroko. Tulisema ni mdudu.

— Shikamooni, kaka zangu.

— Marahaba. Mtani, mkeo kakung'ata?

— Daktari kakata kipande, kinapelekwa kupimwa kama ni saratani. Anasema jua hujikusanya mwilini mwaka hata mwaka, na kidonda kisichopona si cha kungoja. Aliniuliza kwa nini siku hizi sipaki losheni.

— Ukamjibuje?

— Nilinyamaza. Nyingine inakuja Septemba. Ghalani kuna kivuli, ila msimu bado; shambani hakuna.

Ashiru aliweka kikombe chini.

— Utani una zamu, mtani. Njoo kwangu uchukue unachotaka. Chukua mbuzi. Chukua baiskeli.

Yoeli alimtazama bila hasira, kama mtu anayetafuta kweli.

— Ahsante, mtani. Kwako kuna nini cha kulikinga sikio hili hadi Septemba?

 Bwanali akamtazama Cecil, Cecil akatazama barabara. Bi Swaumu alipita na birika. Hakuna aliyenyoosha kikombe.