Mwalimu Eliya Mahona na Ubao wa Mninga

Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, saa tano asubuhi, Advera Mahona alikuwa anavua joho la kwaya kanisani, Chemchem, mjini Tabora, simu yake ilipoita. Mdogo wake Anton alipiga kutoka hospitali. "Dada, baba ametuacha," alisema. Advera alikaa kwenye benchi, joho likiwa bado limemfunika nusu kichwa. Wanakwaya wakajua bila kuambiwa.

Marehemu Mwalimu Eliya Mahona alizaliwa tarehe 14 Juni 1956 kijijini Usinge, mtoto wa nne wa wakulima wa tumbaku, washarika wa Moravian. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kwa miguu peku, kisha sekondari na ualimu mjini Tabora, akahitimu mwaka 1979.

Kuanzia 1980 hadi 2016 alifundisha Kiingereza katika shule iliyo jirani na Usinge. Somo la umoja, wingi na umiliki alilifundisha kwa vitu vya wanafunzi wenyewe. Alikusanya kandambili, majembe na vikapu mezani, akauliza kwa Kiingereza hiki cha nani, hivi vya nani. Aliyejibu sawasawa alirudishiwa chake. Siku moja mkuu wa shule alifuata kofia yake iliyochanganywa humo, naye akakosea. "Jaribu tena, Mkuu," marehemu alimwambia, darasa likaangua kicheko.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na Getruda. Mungu aliwajalia watoto watatu: Advera, Anton na Julieth.

Lipo jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe leo. Darasani kwake palikuwa na ubao mdogo wa mninga wenye kamba. Mwanafunzi aliyekosea alivishwa shingoni, na hakuuvua mpaka amtaje mwenzake aliyekosea. Mwaka 1994 alivishwa Recheli, binti wa jirani yao wa Usinge, kwa kukosea wingi wa neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto. Alikaa nao siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ubao ulikutwa unaning'inia kwenye komeo la mlango, na Recheli hakurudi tena shuleni. Ndipo wenzake waliposema: aliwasikia wakikosea kila siku, hakukubali kumtaja hata mmoja.

Marehemu alipanda baiskeli hadi Usinge. Baba wa binti hakumkaribisha ndani. "Mwalimu, mwanangu si ng'ombe wa kuvishwa kengele," alisema, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuna aliyevishwa tena ubao ule. Aliuhifadhi sandukuni, chini ya kitabu cha nyimbo.

Oktoba 2024 marehemu aliugua figo. "Advera mama, nitafutie Recheli," alisema, "nisiende na deni hili." Advera aliona aibu kumsumbua mama mzima kwa jambo la darasani, akawa anasema kesho, kesho, hadi Februari, baba alipokuwa hawezi tena kukaa bila kuegemezwa. Mungu amsamehe Advera.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Hatimaye Advera alimpelekea habari, na Jumatano, tarehe 5 Machi, Recheli aliteremka kwenye treni kutoka Usinge akaja wodini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Recheli, nilikukosea. Nisamehe."

"Wanangu nimewasomesha wote, Mwalimu. Lakini wakisoma Kiingereza kwa sauti, mimi natoka nje. Kwa mdomo nimekusamehe. Moyo bado naubembeleza."

"Inatosha, mwanangu."

Advera alitoa ubao mkobani. Recheli aliupokea kwa mikono miwili. "Huu nitaondoka nao," alisema. "Ulikuwa wangu siku kumi na moja." Akaufunga kwenye kanga, akamtengenezea mgonjwa mto, akamshika mkono, akaondoka kuwahi treni. Marehemu aliutazama mlango mpaka ukajifunga, akamwomba Advera amgeuzie upande wa dirisha.

Bwana aliyemwita ampe pumziko, na moyo wa Recheli aupe pia.