Bi Thuwaiba na Njia ya Kuirejesha x

Ndugu, majirani na wanafunzi mlioitikia hitima hii, familia inakusomeeni maisha ya Bi Thuwaiba Abdulhakim, aliyezaliwa Mkunazini, Mji Mkongwe, tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili wa fundi saa Abdulhakim Usi na mkewe, Bi Mwanamkasi, wote marehemu.

Alisoma skuli za hapa mjini hadi kidato cha sita, na huko ndiko alikokutana na swali lililomshika, la kutafuta intigrali ya sehemu ambayo chini ya mstari wake kipeuo cha pili na kipeuo cha tatu cha x vimejumlishwa. Mwalimu alimwambia aliruke, halimo kwenye mtihani, naye akakaa nalo, akilipindua huku na huku, mpaka alipoona kwamba x ikiandikwa kuwa herufi mpya, t, kwa kipeo cha sita, kwa kuwa sita hugawika kwa mbili na kwa tatu, vipeuo vyote viwili huondoka, na hesabu hulainika.

Alianza kusomesha hisabati mwaka 1976, akaolewa na Bwana Hamid, karani wa bandarini, tarehe 4 Agosti 1979, wakajaaliwa mtoto mmoja, Yusra. Darasani kwake, aliyeacha jibu kwenye t bila kulirudisha kwenye x hakupata alama, na aliambiwa mbele ya wenzake: "We mwanangu, umemchukua x matembezi mpaka Bububu, ushamtelekeza huko? Mrejeshe kwao!"

Tarehe 20 Januari 2025 alipata kiharusi, kikamchukulia sauti na mkono wa kulia, akalazwa hospitali. Wengine katika familia walitaka apelekwe Dar es Salaam, wengine arudi nyumbani, na daktari hakuweza kusema kama mgonjwa anafahamu. Yusra, asiyetaka kumwamulia mama ambaye huenda alikuwa anasikia yote, alimwandikia swali lile la zamani, akalifanya mbele yake, akaliacha jibu kwenye t kwa makusudi. Bi Thuwaiba alikunja uso ule mnaoujua, akataka kalamu kwa mkono wa kushoto, akakata kila t, na juu yake, kwa mwandiko uliopinda, akaandika kipeuo cha sita cha x. Ndipo Yusra akamwandikia swali la pili, anataka kwenda wapi, naye akajibu kwa neno moja: Mkunazini.

Alirejeshwa kwao, na huko akafariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani, hasa Bi Khatun, aliyeleta uji kila asubuhi. Mwalimu, umesharejea, lala salama katika rehema za Mola wako.