Fomu ya Mwisho ya Fundi Timazi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mdogo wa marehemu, niliyekisukuma kiti chake cha magurudumu kwa miaka kumi na minne, familia imenipa kazi ya kusoma historia hii, nami nitaisoma yote.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza darasa la saba mwaka 1985, kisha akajifunza uashi, ambako wenzake walimwita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, kwa kuwa ukuta ukipinda kidogo tu aliubomoa, hata kama umejengwa na bosi wake. Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili, na wifi yangu huyu hapa atawaambia kwamba hata viatu mlangoni vilipangwa kwa kamba.

Tarehe 3 Juni 2010 alianguka kutoka jukwaa la ujenzi, ghorofa ya pili, akavunjika uti wa mgongo, na tangu hapo hakuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Kila mwezi tulikwenda kliniki, na kila mwezi alipimwa akiwa amekaa kwenye kiti, maana kitanda kilikuwa juu mno na hakukuwa na wa kumnyanyua, na tukitoka tulipewa fomu ya kuuliza kama tumeridhika. Fomu nilijaza mimi, nikaweka tiki kwenye "nimeridhika sana", kwa sababu niliogopa kwamba tukilalamika, siku tukirudi tutasahauliwa kwenye benchi.

Novemba mwaka jana wifi aliona wekundu chini ya paja la kaka, tukausema kliniki mara mbili, tukapewa mafuta ya kupaka bila mtu kuangalia, nami nikaweka tiki yangu ileile. Januari muuguzi mgeni alitandika shuka sakafuni, akaita watu wawili wamlaze, akapiga magoti na kumgeuza, na kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio ndicho hiki.

Wodini alikolazwa nilimwambia habari za zile tiki, akasema, "Mdogo wangu, ukuta umepinda, na wewe unaupaka rangi." Akaomba kalamu na fomu ile ya kliniki, akaijaza mwenyewe, akanipa niitunze, na tarehe 27 Februari, saa nne asubuhi, sumu ya kidonda ikiwa imeingia kwenye damu, alituacha.

Tunawashukuru majirani waliotujengea njia ya kiti mlangoni, mafundi waliokuja kila Jumapili kubishana naye, na muuguzi aliyepiga magoti. Tunawashukuru pia madaktari, na wewe daktari mkuu wa kliniki, uliyekaa mstari wa pili, asante kwa kuja, naomba upokee fomu hii kabla hatujatoka kwenda makaburini, mwandiko ni wake, ameandika, "Sijaridhika. Shusheni kitanda."

Pumzika kwa amani, kaka, safari hii nimesoma ulichoandika wewe.