Mama Kemigisha na Siku ya Baiskeli

Tarehe 30 Juni 2026, Bibi Adventina Kemigisha, mratibu wa usafiri wa Umoja wa Wafanyabiashara wa Ihanda, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Aliingia mwaka 1995 akiwa karani wa mizani ya kahawa, na mizani yenyewe ilimzidi kimo. Anaondoka huku madereva wa malori, watu wasiomwogopa hata trafiki, wakizima redio wakimwona.

Kazi yake ilikuwa moja: barabara ikikatika, biashara isikatike. Mwaka ule mvua ilipobomoa daraja kule Kiruruma, aliwapanga watu mstari kutoka ng'ambo hii hadi ile, magunia ya kahawa yakapita toka bega hadi bega, yeye akiwa ndani ya maji akipuliza filimbi. Hakuna gunia lililolowa. Viatu vyake vilikwenda na maji, na kesho yake akaja kazini amevaa vya mumewe. Tulicheka wiki nzima. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Kisha ikaja siku ya baiskeli. Agosti 2024 mashindano makubwa ya kimataifa yalipita kwetu, kutoka Murongo wilayani Kyerwa hadi Kayanga, na barabara kuu ikapangiwa kufungwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wiki tatu kabla, Mama Kemigisha alizunguka duka kwa duka na daftari lake. Kila mfanyabiashara alitaja mzigo wake, akapangiwa bodaboda za kuupitisha njia za ndani, katikati ya migomba, akatia sahihi. Siku ilipofika maziwa hayakuchacha, ndizi zilifika sokoni, na wageni walikunywa chai kwa mkate wa siku hiyohiyo. Wakubwa walimpa cheti.

Saa tano asubuhi hiyo, Rukia, mke wa Hanifu Muhammad mwenye duka la jumla, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, akaanza kutokwa na damu. Hapakuwa na bodaboda hata moja. Zote zilikuwa kwenye mizigo, kama daftari lilivyopanga. Majirani wakakimbilia engozi, ile machela ya fito na kamba ambayo wazee wetu walibebea wagonjwa mabegani kwa zamu. Tangu bodaboda zije, ilikuwa imetundikwa tu ghalani. Walipomlaza Rukia na kuinua, kamba zikakatika, zilikuwa zimeoza. Wakambeba kwa shuka. Alifia njiani, na mtoto akiwa tumboni.

Wasifu wa mstaafu hauandikwi hivi, tunajua. Mwandishi wa wasifu huu alimsihi Mama mara tatu habari hii iachwe, kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Alijibu kwamba ikiachwa, sherehe ya kumuaga tufanye wenyewe. Daftari, alisema, lilikuwa na safu ya maziwa na safu ya ndizi, halikuwa na safu ya mgonjwa, na aliyelichora ni yeye. Cheti alikiondoa ukutani wiki ileile. Tangu hapo kila mpango wake huanza na bodaboda mbili za wagonjwa, ambazo haziguswi hata mji mzima ukikosa sukari.

Hanifu hakumsalimu tena. Akimwona, alivuka barabara. Ilituuma, lakini nani angemlaumu?

Mwezi uliopita tulimuuliza Mama anataka zawadi gani, tukitegemea atataja godoro au ng'ombe. Aliomba engozi mpya, itundikwe ofisini pale kilipokuwa cheti. Fito zilichongwa kule Rugu. Kamba tukawa bado tunatafuta. Jumatatu iliyopita Hanifu aliingia na kamba mpya kutoka dukani kwake. Aliziweka mezani, akamwamkia Mama shikamoo, ya kwanza kwa karibu miaka miwili. Mama aliitikia marahaba.

Kisha Hanifu akatugeukia, akasema naye ana lake la kuandikwa. Asubuhi ile bodaboda sita zilikuwa zimebeba sukari na mafuta yake. Mama alimwambia mbili zinatosha. Yeye aling'ang'ania sita, akatia sahihi. Tukalifungua daftari na kuikuta sahihi yake. Mama Kemigisha alikuwa nalo kwenye droo muda wote huo, watu wakimnyooshea kidole, na hakuwahi kumwonyesha mtu ukurasa ule.

Mama, ahsante kwa miaka yote hii, na kwa yale uliyoyabeba peke yako. Migomba yako izae, magoti yako yapate nafuu, na usiku ulale. Tunakuombea siku za amani. Kamba za engozi tutazikagua sisi, kila Jumatatu, na Hanifu ameomba zamu ya kwanza iwe yake.