Kisima Namba Saba

Sogeeni karibu wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Nawe kitinda mimba wangu, acha kulia kwanza unisikilize, maana nina neno moja tu, na nimelikalia mwaka mzima.

Kazi yangu mnaijua. Majirani waliniita Bwana Chupa, wageni wakadhani mimi ni mlevi. Kila mwezi nilivizungukia visima vya kupimia maji kandokando ya mgodi wa makaa ya mawe, nikashuka na mtoni, nikajaza chupa, nikazipeleka maabara. Lakini kabla ya kujaza chupa, sharti uyavute kwanza maji yaliyolala ndani ya bomba, uyamwage, ndipo yaje yale ya ardhini yenyewe. Kwenye kisima namba saba, kile kilicho juu ya shamba letu, hiyo ilikuwa kazi ya saa mbili kwa pampu ya mkono. Goti likaanza kunisumbua. Nikasema, mwezi huu tu, nikachota ya juujuu nikaondoka. Huo mwezi mmoja ukawa miaka kumi na mmoja.

Na mfuniko wa namba saba ulikuwa na ufa. Wanangu, miaka yote ile nilikuwa napima maji ya mvua.

Mwaka jana akaja binti mpya wa maabara, mbishi kama alivyokuwa mama yenu, akakataa katakata kuchota ya juujuu. Alivuta pampu hadi viganja vikamtoka malengelenge, na maji yakaja mekundu, yananuka kutu. Nikakaa chini kwenye majani. Tulikwenda kwa meneja wa mgodi, nikakiri yote. Akafungua kabati, akatoa majalada yangu. "Mzee, huku kuna chupa moja, huku kuna miaka kumi na mmoja ya mwandiko wako. Niamini kipi?" Wiki iliyofuata kisima kikajazwa saruji, na yule binti akahamishwa.

Sasa sikilizeni. Nyumba ni ya kifungua mimba, shamba mgawane bila kelele. Lakini kisima cha uani, nilichokichimba kwa mikono yangu hii, kifungeni, maji yake yanashuka kutoka huko huko kwa namba saba. Sijui kama ndicho kilichomuua mama yenu. Daktari alisema figo, hakusema maji, nami niliogopa kumuuliza. Mtaniambia bomba la mji liko mbali, tukachote wapi? Nimepatafuta mwaka mzima, sijapaona. Ila wewe binti yangu una mimba. Usiyanywe.

Halafu nendeni kwa jirani wa bondeni. Ng'ombe wake walipokufa kwa kunywa kwenye chemchemi alikuja kuniuliza kama si maji yaliyowaua, nami nikamcheka mbele za watu, nikamwambia wamekula mifuko ya plastiki. Hatujasalimiana tangu siku hiyo. Mwambieni alisema kweli. Neno hilo halitamrudishia ng'ombe hata mmoja, lakini mwambieni.

Mungu awalinde... awape watoto wazima. Nisameheni. Koo limekauka... nipeni maji.

Ni ya uani hayo? Najua, hakuna mengine. Lete tu, mimi basi tena. Nishike kichwa... hapo.

Matamu, wanangu. Hata leo ni matamu.

Yaliyobaki... yamwage.