Matangi Niliyoyapitisha Bila Pua

Ingieni nyote watatu, wanangu, na mrudishe mlango nyuma yenu. Mkubwa, kaa hapa kitandani, karibu na kichwa changu, maana sauti iliyobaki haifiki mbali na mto. Wa kati, vua hayo mabuti na uache kusimama kama mlinzi wa zamu. Na wewe kitinda mimba, hiyo kalamu irudishe mfukoni. Najua huko ofisini kwenu neno lisilo na nakala tatu halihesabiki kuwa limesemwa, lakini haya yasikieni kwanza, mtayaandika baadaye ikiwa bado mtapenda mtu ayasome.

Mali ni jambo jepesi, nalimaliza sasa hivi. Yadi iwe ya mkubwa, kwa sababu miaka hii yote ndiye aliyeiendesha na mimi nikasifiwa. Mashine ya kusaga plastiki na ile ya kuchomelea ni za wa kati. Nyumba hii ni ya kitinda mimba, na wenzake watalala humu wakati wowote bila kuomba ruhusa. Linalonikosesha usingizi ni aibu yangu. Ningependa kuondoka nayo yote, nisiwaachie hata chembe, lakini kipande chake kimoja bado kiko uani kwa shangazi yenu, kimejaa maji, na watu wanayanywa.

Mnivumilie, nianzie mbali. Kazi yetu mnaijua. Kiwanda kikishatumia kilichokuwa ndani ya tangi la lita elfu, lile jeupe la plastiki lililovikwa fremu ya vyuma, kinatuuzia sisi. Lililobeba mafuta ya kula linaoshwa, linatiwa koki mpya, linamfaa mtu mwenye shida ya maji. Lililobeba sabuni linakwenda kwa mafundi ujenzi na waosha magari. Lililobeba sumu haliponi kwa kuoshwa, kwa kuwa plastiki ile hunywa kinachotiwa ndani yake na kukitema kidogo kidogo kwa miaka; hilo linakatwa na kusagwa, basi. Kibao kwenye fremu ndicho kinachotakiwa kutuambia lilibeba nini, ila vibao hung'oka, na matangi huhama fremu kama wapangaji wanavyohama vyumba. Kwa hiyo hukumu ilibaki kwenye pua, na pua ilikuwa yangu. Mji mzima uliniita Pua, nami nikaitika. Nafungua mfuniko, naingiza kichwa, navuta pumzi moja, natamka, na wanaume wenye malori yao wanatii.

Pua hiyo ilikufa miaka kumi na minne iliyopita. Niliingia mpaka mabegani kusugua tangi la kiyeyusho cha rangi, nikatoka na mafua, mafua yakaisha, harufu isirudi. Niligundua siku mama yenu alipokuja mbio kutoka kwa jirani akanikuta nimekaa jikoni, sufuria inaungua hatua mbili kutoka nilipo. Akaniuliza, "Baba watoto, umelala macho wazi?" Nikamwambia ukweli, na yeye peke yake ndiye niliyewahi kumwambia hadi leo.

Mkikumbuka vizuri, tangu siku zile mama yenu hakukosekana yadini lori linapoingia. Mlidhani ananipenda sana, na alinipenda, lakini alikuwa kazini. Alipita karibu na tangi akifagia. Likiwa safi, alimkaribisha dereva kiti. Likiwa baya, aliendelea kufagia na kiti hakitajwi. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa ndani ya tangi huku masikio yangu yakisubiri neno "karibu". Miaka minane tuliishi hivyo, na hatukukosea hata mara moja, maana pua yake ilikuwa nzuri kuliko yangu ilipokuwa hai, ila hakuna aliyeona haja ya kumpa jina la sifa.

Mkaguzi wa mazingira naye alikuja na fomu yake. Palikuwa na mstari wa njia ya uhakiki, akaandika "pua". Palikuwa na mstari wa harufu, ipo au haipo, nikamjibu haipo, na kwa upande wangu sikusema uongo. Nilipomuuliza kama kuna mahali pa kuandika sijui, akageuza karatasi mbele na nyuma, akasema, "Mzee, serikali haijaweka nafasi hiyo." Miezi mitatu baadaye wakaniletea cheti chenye muhuri, Mtaalamu wa Utambuzi wa Mabaki kwa Njia ya Asili. Nilicheka na mama yenu mpaka machozi. Kisha nikakitundika ukutani, na hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Mama yenu alipofariki, ilinipasa kufunga kazi ya kunusa na kukiri. Sikukiri. Nilikuwa na jina, na mtu aliyezoea kuitwa kwa sifa huona kulivua jina lile ni kama kuvua nguo sokoni. Nikawa nakisia. Natazama rangi ya plastiki, natikisa mabaki, namsoma dereva usoni. Na aliyenigundua alikuwa baba yenu mdogo, tuliyekuwa naye kazini yadini.

Alisubiri wafanyakazi watoke, akaniita kwenye tangi moja. "Kaka, hili limebeba nini?" Nikainama, nikavuta pumzi, nikasema sharubati. Akasema, "Nimelimwagia mafuta ya taa sasa hivi, kaka. Hata majirani wanayasikia." Hakucheka. Laiti angecheka. Alinishika mkono, akasema, "Tutafute namna, mimi nitakuwa nanusa, wewe utakuwa unasema." Yaani alinipa tena kile alichonipa mama yenu, bila masharti, na mimi kesho yake nikasimama mbele ya yadi nzima nikasema mdogo wangu anaiba koki.

Wa kati, usiangalie sakafu. Wewe ndiye uliyemsukuma getini akaangusha mfuko wake, lakini mkono ulikuwa wangu. Hakuiba koki hata moja. Miaka mitano sasa anaosha mabasi stendi, na hajamwambia mtu kwa nini aliondoka, ingawa neno moja tu lingenimaliza.

Maji, mkubwa. Kidogo tu. Basi.

Miaka miwili iliyopita liliingia lori la matangi saba yasiyo na vibao. Nikainama, nikasema sabuni. Manne mkawapa mafundi ujenzi, mawili waosha magari. Hilo la saba shangazi yenu alilipenda kwa jinsi lilivyong'aa, akasema anataka kuuza maji ya ndoo pale kwake. La sabuni halikuwa la maji ya kunywa, lakini nikajiambia sabuni huoshika; nikaliosha mwenyewe mara tatu kwa maji ya moto, nikamfungia koki mpya, nikalinusa tena mbele yake, jamani, nikajifanya nalinusa, nikamwambia, "Dada, hapa unaweza kumwogesha mtoto mchanga."

Wiki ya tatu dereva akapita, akauliza kama yale matangi ya dawa ya kuua wadudu nimeshayakata. Nikamwambia nimeyakata. Jibu lilitoka lenyewe, halikuniomba hata nifikiri. Tangu hapo kila asubuhi nimekusudia kwenda kumwambia shangazi yenu, na kila asubuhi nimeona uso wake utakavyokuwa, nikavaa viatu nikaenda yadini. Mitetemo ya mikono yake, na kile kichwa kinachomuuma, sijui kama ni tangi au ni umri. Daktari hajui, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aulize. Kesho mmoja wenu ampeleke, na amweleze daktari neno kwa neno.

Tangi mlitoe leo. Maji yake msiyamwage shimoni wala mtaroni. Wa kati, yahamishie kwenye mapipa ya taka za kiwanda, yakabidhi kwa wenye kazi hiyo. Kisha likate kwa msumeno vipande vinne na uivunje koki. Msilitupe zima, maana zima litaokotwa na mtu mwenye kiu. Mkubwa, zungukia mitaa iliyochota kwake, nyumba kwa nyumba, useme ni mimi. Usiseme ni bahati mbaya. Kitinda mimba, kile cheti kipeleke kwa mkaguzi, na kama hana fomu ya kupokelea, akae nacho mkononi mpaka ipatikane. Na baba yenu mdogo mfuateni stendi nyote watatu, mbele ya wale wanaofanya naye kazi, mumwambie nilimsingizia. Akikubali kurudi, yeye ndiye anuse. Asipokubali, msinunue tangi lisilo na kibao, hata yadi ikibaki tupu.

Nimechoka. Sogezeni vichwa. Mungu awape... awape ujasiri ambao mimi sikuwa nao, wa kusema sijui mbele za watu. Mpendane. Mkubwa, wasikilize wadogo zako hata wanapokuudhi. Nimewabariki, wote, na watoto wenu.

Nasikia ndala za shangazi yenu ukumbini. Kila siku ananiletea jagi kutoka kwenye tangi lake, anasema ni maji matamu kuliko ya bomba, na kila siku nimeyanywa mbele yake, kwa kuwa kunywa kulikuwa rahisi kuliko kusema. Hapana, mkubwa, usimwambie wewe. Mfungulie. Nyie kaeni hapo hapo, msikie.

Dada, weka hilo jagi chini. Keti. Nipe mkono... huo unaotetemeka. Lile tangi, dada, mimi sikulinusa.