Aliyetoka Kusogeza Gari

Tarehe thelathini mwezi wa Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kujitolea, Mwenyekiti wa Bodi ya Wadhamini wa Skauti wa mkoa wetu anastaafu. Safari hii ni kweli. Nasema safari hii kwa sababu ukumbi huu huu umeshamuaga mara mbili, kwa keki na hotuba, na mara zote mbili Jumatatu iliyofuata alikuwa hapa akiuliza nani kachukua ufunguo wa stoo ya mahema. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mfupi, wenye heshima, usiozunguka. Heshima ipo. Hayo mengine tutaona.

Wengi wetu tunamwita Dakika Mbili, na analijua jina hilo. Kazi yake ya riziki ni ufundi wa majokofu, na mteja akimpigia simu kumuuliza yuko wapi, jibu ni hilo: dakika mbili. Lori la kambi likichelewa, dakika mbili. Mke wake akimwambia chakula kinapoa, dakika mbili. Hakuna mjumbe aliyewahi kumwona amekaa kitini tangu ajenda ya kwanza hadi ya mwisho. Kikao anakiendesha akitembea, toka dirishani hadi mlangoni, na njiani hakosi la kufanya: ananyoosha bendera, anakaza skrubu ya bawaba kwa ukucha wa dole gumba, anasimama mbele ya jokofu letu bovu na kulitegea sikio kama anasikiliza umbea. Wajumbe wapya huondoka na shingo zinawauma. Sisi wakongwe tulishajifunza kumsikiliza bila kumtazama.

Skautini hakuja kwa kupenda. Alikuja kumchukua binti yake, msichana wa miaka minane aliyekuwa kwenye mazoezi ya kikosi, akaambiwa watoto hawajamaliza, aketi kidogo ndani. Ndani bodi ilikuwa kikaoni. Hajakaa vizuri, mlinzi akaingia kusema kuna pikapu imeziba geti. Ilikuwa yake, akatoka kuisogeza. Aliporudi alikuta watu wasiomjua wanampigia makofi. Walikuwa wamemchagua kuwa mtunza vifaa wa mkoa. Akauliza nani kalipendekeza jina lake, na jina lenyewe wamelijuaje. Kila mtu akatazama dari. Binti yake alikuwa mlangoni, viatu mkononi, akilalamika kwamba wanachelewa nyumbani. Basi akasema sawa, atawasaidia mpaka apatikane mtu mwingine.

Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu wetu ambao haumo kwenye katiba na ambao hakuna mgeni anayeuamini: mjumbe aliye nje ya mlango ndiye anayepewa kazi. Sisi ni watu wa kujitolea. Hatuna mshahara wa kumshawishi mtu wala mamlaka ya kumlazimisha, na aliyemo chumbani atakataa tu, tena kwa sababu nzuri. Aliye nje hawezi kukataa. Mhazini wetu, ambaye ni daktari wa meno, alipata uhazini akiwa kibarazani anaongea na mkwe wake kwenye simu. Kamishna wa mafunzo alitoka kununua maji. Mimi ni daktari wa mifugo. Niliingia kikaoni nikitokea kuzalisha ng'ombe, nikaenda kunawa mikono mara ya pili kwa sababu jirani yangu alikuwa anakunja pua, nikarudi nikiwa katibu. Mwenyekiti mwenyewe alipanda hivyo hivyo, kutoka vifaa hadi ukatibu, kutoka ukatibu hadi uenyekiti, na kila mara alikuwa nje anahangaika na jambo fulani. Mtu asiyetulia kitini ana hasara hiyo.

Lakini alichofanya na kazi aliyobambikiwa ni habari nyingine.

Alipochukua vifaa, kikosi cha wasichana kilikuwa kinakutana nyuma ya stoo na hakikuwa na hema hata moja. Siku ya kambi wavulana walijenga daraja la kamba, wasichana wakaosha masufuria. Binti yake alimuuliza njiani wakirudi kwa nini iko hivyo. Akageuza pikapu pale pale, akarudi stoo na kuyagawa mahema nusu kwa nusu kabla hajamuuliza mtu yeyote. Bodi ilikasirika sana, ikaunda kamati ya kuchunguza, na wakati kamati inaundwa yeye alikuwa nje anapakia mahema, kwa hiyo wakamfanya mwenyekiti wa kamati hiyo. Mimi nilikuwa mmoja wa wasichana wa kwanza kulala kwenye mahema yale. Yalikuwa yanavuja vibaya mno. Sijawahi kulala kwa raha kama ile.

Uwanja wetu wa kambi, ule wenye kisima, usingekuwepo leo bila yeye. Ofisi ya ardhi ilitaka kuugeuza maegesho ya malori. Dakika Mbili alikwenda ofisini kwao, na kwa mazoea ya kiskauti akampa ofisa mkuu mkono wa kushoto, ambao kwetu ndio wa heshima na kwa ofisa yule ulikuwa tusi. Akafukuzwa kabla hajaeleza shida. Kesho yake akarudi. Akawa anarudi kila asubuhi, na kwa kuwa kukaa hawezi, akawa anatembea koridoni mbele ya mlango wa ofisa, toka mwanzo hadi mwisho, akikaza skrubu za watu. Makarani walisema hatua zake zinawapandisha presha. Mwishowe ofisa alitoka mwenyewe akamwambia uwanja chukueni, ila naomba usirudi tena. Siku hizi ni marafiki. Jokofu la ofisa analitengeneza yeye.

Liko jambo moja alilolifanya bila mzaha wowote. Ni yeye aliyesema kwamba hakuna mtu mzima atakayelala kambini na watoto bila kwanza kuchunguzwa na kupewa mafunzo, na kwamba mtu mzima hakai na mtoto peke yake, awe nani. Kulikuwa na kelele. Wapo viongozi wa siku nyingi waliojiona wametukanwa, wakarudisha skafu zao. Wa kwanza kuzuiwa getini alikuwa shemeji yake mwenyewe, kaka wa mke wake, ambaye alikuja kupika na hakuwa amehudhuria mafunzo. Shemeji aligoma kuongea naye kwa muda mrefu, na kwenye shughuli za familia walikuwa wanapitana kama hawajuani. Ilimuuma. Nilimuuliza wakati ule kama hawezi kulegeza kidogo kwa ndugu, akanijibu kwamba watoto wale wana wazazi waliokaa nyumbani wanatuamini, na akaenda kukagua kamba za hema. Wazazi wa mkoa huu wanalala usingizi kwa sababu hiyo, na wengi hawajui.

Sasa nifike kwa mke wake, maana wasifu huu ni wake pia. Tunamwita Mama Skauti ingawa hapendi mahema, hapendi moshi, na hajawahi kukanyaga kambini. Yeye amejitolea kwa kusubiri. Amesubiri mezani, amesubiri hospitalini siku yeye mwenyewe alipotolewa mtoto wa jicho, amesubiri garini nje ya ukumbi huu hadi mlinzi akawa anamletea chai. Binti yao, yule wa viatu mkononi, sasa ana mapacha na anaishi mbali, mwendo wa siku nzima. Wazee walijenga nyumba ndogo jirani naye. Mara mbili walifunga mizigo. Mara mbili Mwenyekiti alikuja kuaga, akatoka nje kidogo, mara ya kwanza kuangalia jenereta, mara ya pili kumsindikiza mgeni, akarudi ndani akakuta makofi. Na hakukataa, kwa sababu kila mara kulikuwa na kambi mbele yetu, na kibali cha kambi hakitoki bila sahihi ya mwenyekiti. Mizigo ikafunguliwa. Nyumba ile ndogo imeota nyasi hadi dirishani.

Safari hii Mama Skauti alimwambia neno moja, nasi tukalipata kwa shemeji, ambaye siku hizi anaongea na Mwenyekiti. Alisema atakaa garini na mizigo. Mume wake akitoka amestaafu, wataondoka pamoja. Akitoka amechaguliwa tena, yeye anashuka, anapanda basi, na mume atamkuta huko akipenda.

Kwa hiyo mjue tulivyokuwa Jumamosi iliyopita. Ajenda ilikuwa moja, mwenyekiti mpya, na kambi ya Agosti inataka kibali kabla ya mwezi kwisha. Watoto wamefanya mazoezi mwaka mzima. Kila mjumbe alijua kwamba akinyanyua kiuno tu amekwisha, na kila mjumbe alijua kwamba tusipopata mtu, kazi itamrudia mzee. Hakuna aliyetoka. Simu zililia, zikaachwa zilie. Kamishna wa mafunzo alikuwa amebanwa haja tangu dua ya kufungulia kikao, akawa anabadilisha goti juu ya goti, jasho linamtoka. Daktari wa meno alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita mara mbili, kwa sauti, bila kuombwa. Viti vililia, feni ikalia, miguu ikatikisika chini ya meza hadi vikombe vikawa vinagongana. Mimi nilikuwa nimechagua kiti cha kona, mbali kabisa na mlango, na sioni aibu kusema hivyo kwa sababu kiti hicho kiligombewa.

Mwenyekiti alikuwa anatembea. Alikuwa anageuka kabla ya kufika mlangoni.

Ndipo mlinzi akaingia. "Samahani, wakubwa. Kuna pikapu imeziba geti na lori la viti linataka kuingia. Mwenyewe aje aisogeze."

Dakika Mbili akasimama. Alitoa ufunguo mfukoni, akautazama. Kutoka dirishani tulimwona Mama Skauti kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani, mizigo nyuma imefungwa kwa turubai. Kamishna akafumba macho. Daktari wa meno akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Mzee akavuta hatua moja kuelekea mlangoni, kwa sababu gari lilikuwa lake na yeye si mtu wa kumkalisha dereva wa lori juani, na nikaona wazi kwamba alikuwa anakwenda huku anajua.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimechoka kukaa.

"Lete ufunguo, Mzee," nikamwambia.

"Binti, ukitoka hapo unajua..."

"Najua. Dakika mbili tu."

Hakuachia upesi. Halafu akaachia.

Pikapu yake gia ya nyuma inashika inapotaka. Mama Skauti alinitazama ninavyohangaika nayo na akauliza mume wake yuko wapi. Nikamwambia yuko ndani, amekaa. Hakuamini, akageuka kutazama dirisha la ukumbi. Na kweli alikuwa amekaa, kwenye kiti changu cha kona, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyeambiwa asubiri watoto wamalize mazoezi. Gia ikashika. Nilikuwa narudisha gari nyuma taratibu tuliposikia makofi.

"Hayo ya nani?" akauliza.

"Yangu, Mama."

Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu ulioshika gia, akauacha hapo hadi lori likapita. "Pole, mwanangu," akasema. Akafikiri kidogo. "Na hongera."

Mzee wetu, tunakushukuru kwa mahema, kwa uwanja, kwa kila mtoto aliyerudi nyumbani salama na matope yake. Shukrani nyingine zimwendee Mama, ambaye tulimkopa mume bila kumuuliza. Wasalimieni mapacha. Tunawatakia uzee wenye vicheko, magoti yasiyouma, na kiti kizuri kibarazani, ambacho tunaomba ukikalie. Njoo ututembelee siku yoyote isipokuwa siku ya kikao. Na usipige simu Jumatatu kuuliza. Ufunguo wa stoo ninao, na kibali cha Agosti nimeshakisaini.